Bendi Zilizorudi Getini

Bendi ya kwanza niliikuta getini asubuhi, wakati natoka kumpeleka mwanangu shule. Ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, imetundikwa kwenye ncha moja ya chuma, na sikuhitaji kuigeuza ili kujua kwamba ni kazi yangu. Pindo langu nalijua. Nikadhani kuna mtoto ameiangusha njiani na msamaria mwema ameona airudishe kwa mwenyewe. Nikaitia kwenye mfuko wa baibui, nikamshika binti yangu mkono, tukaenda zetu.

Niliporudi ndipo nilipoitazama vizuri. Ilikuwa imepasuliwa kwa wembe, kuanzia ncha moja hadi ya pili, na ndani yake limevutwa shungi la nywele nyeusi likaachwa linaning'inia. Aliyefanya vile hakuwa na haraka. Alikuwa amekata mshono mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu, bila kukichana kitambaa. Nilikaa kitandani nayo mkononi mpaka chai yangu ikapoa.

Inabidi nieleze zile nywele zilifikaje mle, maana najua msomaji ameshaanza kunitilia shaka, hasa nikisema kwamba mimi ni mtu wa Tanga. Watanzania wenzangu wa Johannesburg, wale wa Dar hasa, kila mmoja siku ya kwanza aliniuliza kama nimekuja kwa ndege au kwa ungo. Nilikuwa nawajibu kwamba ungo wangu uko gereji. Ni utani wa nyumbani, nimekua nao, na anayenitania huwa hata haniogopi.

Tulikuwa tumepanga chumba cha nyuma huko Turffontein, mimi, mume wangu na binti yetu wa pekee, kwenye uwanja wa bibi mmoja wa Kizulu. Tulimwita Gogo, kama mtaa mzima ulivyomwita. Mume wangu alifanya kazi kwenye ghala moja Midrand, anatoka alfajiri anarudi jioni, na mimi nilishona mapambo ya nywele mle mle ndani: vibanio vya lastiki vilivyovikwa satini, maua ya utepe ya kubandika kwenye klipu, na zile bendi nene za kichwani zinazojazwa ndani zikatuna. Wateja wangu walikuwa wanafunzi. Shule za kule zina masharti juu ya kichwa cha mtoto utadhani nywele ndizo zinazofanya mtihani. Shule hii bluu ya giza, ile kijani cha chupa, na ile aliyosoma mwanangu, karibu na uwanja wa mbio za farasi, damu ya mzee. Mtoto akivaa utepe wa waridi anarudishwa nyumbani, na mama yake anakuja kugonga kwangu.

Nina ugonjwa wa kupanga, nakiri. Mume wangu alinitengenezea rafu kwa mbao za ghalani, na juu yake nikasimamisha makopo ya aiskrimu, kila shule na mstari wake. Ndani ya mstari nikagawa tena: bendi za wenye nywele fupi mbele, lastiki nene za waliosuka katikati, klipu nyuma. Maua madogo yalilala kwenye trei za mayai, ua moja kila shimo, yasigandamizane. Mume wangu akiweka funguo zake juu ya kopo la kijani tu, tunanuniana mpaka chakula cha jioni. Ukikaa na rafu kama ile unaanza kuusoma mtaa bila kutoka nje. Kopo likishuka haraka unajua shule imefungua au wapiga picha wamekuja. Likikaa juu, kuna jambo.

Sasa zile nywele. Mwanzoni nilijaza bendi kwa pamba, ikawa ikifuliwa inagandamana mabonge. Nikajaribu sponji, ikakatika vumbi. Rafiki yangu Mkongo, msusi mjini katikati, ndiye aliyenionyesha vipande vya rasta vinavyokatwa mwishoni mwa kusuka, vile ambavyo havijagusa kichwa cha mtu. Yeye huviita meshi. Ni vyepesi, vinatuna, ukivifua vinarudi vilivyokuwa. Nikamwomba anikatie moja kwa moja ndani ya mfuko, asinizolee sakafuni, kwa sababu sakafuni kuna nywele za watu za kweli, na mimi nywele za watu sizichezei. Mama yangu alitufundisha kwamba ukichana nywele unakusanya zote, hata ule mmoja uliobaki kwenye kitana, unazitupa chooni, asije mtu mbaya akaziokota. Mpaka leo nafanya hivyo. Kwa hiyo nilipoliona lile shungi linaning'inia kwenye bendi iliyopasuliwa, sikuhitaji kuelezwa mwenzangu ameona nini. Ningeliona mimi kwenye kichwa cha mwanangu, ningepiga mayowe.

Na bado lilikuwa halijawahi kunipitia akilini. Nilikuwa naona kitu cha kujazia tu.

Nikaificha ile bendi chini ya mashuka. Nilimficha mume wangu, na sababu yake ilikuwa moja. Mwaka 2015, fujo za kuwapiga wageni zilipotufikia, binti yetu alikuwa bado mdogo wa kubebwa. Duka la spaza la Msomali pale kona lilivunjwa tukisikiliza kwa dirisha, na mume wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisema jambo moja. "Likitusogelea tena, mtoto anakwenda Tanga kwa bibi yake. Sisi tutabaki tuhangaike, yeye hapana." Nikaitikia. Siku ile kuitikia kulikuwa rahisi, kwani nilikuwa nimemkumbatia. Nilimpata baada ya mimba mbili kuharibika, na sikuwa na wa kumfuata. Mume wangu huwa hasahau alichosema. Akiiona ile bendi, mtoto ataondoka, basi.

Wiki ile ile ikaja ya pili, bluu ya giza. Ya tatu, damu ya mzee tena. Nilizikuta asubuhi, zimetumbuliwa kama samaki, matumbo nje, kila moja kwenye ncha yake ya geti. Nikawa natangulia kutoka kabla ya mume wangu, nasingizia kumwaga taka, naziondoa. Rafuni makopo yakakaa juu. Klipu hazikutoka, lastiki hazikutoka, hata kopo la kijani, ambalo shule yake iko upande wa pili, Rosettenville, lilisimama vile vile. Mama mmoja aliyekuwa akiingia uwanjani bila kubisha, anakaa kwenye ndoo yangu na kunisimulia habari za mumewe, nilikutana naye kwenye robot, taa ya kuvukia barabara. Akamhamisha mtoto wake mkono wa kulia kwenda wa kushoto, ili asiwe upande wangu. Akanisalimia vizuri kabisa.

Rafiki yangu Mkongo alikuja Jumapili baada ya kanisa, bado na nguo zake za ibada. Hakukaa. Alikuwa na tabia ya kuvua viatu mlangoni na kujilaza kwenye mkeka wangu kama kwake, ila siku ile alibaki na viatu.

"Dada, nilikuwa nasuka mutu kule salon," akasema, "nikasikia bale bamama banaongea. Banasema kuko mama moya wa hapa Turffontein anatiaka nywele ndani ya kitambaa ya batoto. Banasema ni muti, dawa ya kuloga. Eti inavuta akili ya batoto yabo, inapeleka kwa mutoto yake."

Nilicheka. Ni kicheko kibaya, kilitoka chenyewe. Kisha nikakumbuka kwamba mwanangu alikuwa ameshika nafasi ya kwanza darasani muhula uliopita, na kwamba cheti chake nilikibandika mwenyewe mlangoni, kwa nje, ili kila anayekuja kununua akione.

"Ukawaambiaje?" nikamuuliza.

"Nilinyamaza. Juu niliogopa. Ile meshi si mi njo nakupatiaka?" Akautazama mfuko uliokuwa pembeni ya cherehani. "Na pasta yetu alihubiri, dada. Alisema kuko meshi ingine inatoka kwa shetani, mutu hajui ilipita wapi. Mi nafanya ile kazi, sina ingine. Lakini sitakuletea tena."

Akaondoka hata chai hakunywa. Sikumlaumu, ingawa nilimkasirikia siku nzima, na hasira yangu niliimalizia kwenye makopo, nikayashusha yote na kuyapanga upya kwa mpangilio ule ule. Kilichokuwa kinanitisha hakikuwa neno muti. Kilikuwa lile neno la mwisho, kwamba inakwenda kwa mtoto wangu. Mpaka hapo nilikuwa nadhani wananitaka mimi.

Nikaanza kumsindikiza hadi mlango wa darasa na kumsubiri nje ya uzio kabla kengele haijalia. Kumbe na yeye alikuwa anajua. Alinieleza kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikuwa anakielewa chote lakini hakisemi, kwamba kuna wasichana hawataki akae nyuma yao. Wanasema anawavuta. Alinieleza bila kulia, kama anaeleza jambo la mvua, akauliza kama anaweza kupata jibini kwenye mkate wa kesho.

Na mjini nako kukaanza kuchafuka. Meseji za sauti zilikuwa zinazunguka kwenye simu za watu wetu, Watanzania, Wakongo na Warundi, kila moja inasema Jumatatu, inasema wanaanzia kituo hiki cha teksi, inasema msitoke. Nyingine zilikuwa za uongo, na nyingine hazikuwa. Maduka yalichomwa katikati ya mji. Mume wangu alinipigia kutoka Midrand mchana, sauti ndogo.

"Huko kwetu kuna kitu?"

"Hakuna kitu," nikasema.

"Hakuna kabisa?"

"Nimekwambia hakuna. Fanya kazi."

Mkononi nilikuwa na bendi ya asubuhi ile. Hii haikupasuliwa tu, ilikuwa imechomwa ncha kwa kiberiti.

Gogo ndiye aliyeniita. Alikuwa mwanamke mnene wa magoti mabovu, anaota jua kwenye kiti chake cha plastiki karibu na bomba, na alikuwa haendi mahali ila mtaa wote ulikuwa unapita kwake. Tulikuwa tunaelewana kwa mchanganyiko wetu, Kiingereza kidogo, Kizulu changu cha dukani, na mikono. Akaniambia anajua habari ya geti tangu bendi ya kwanza, kwa sababu dirisha lake linatazama pale.

"Ulimwona anayeweka?" nikamuuliza.

"Niliwaona," akasema. "Si mmoja." Kisha akasugua goti lake. "Eish, mwanangu. Waite. Waite waje hapa uwanjani Jumamosi, uikate mbele ya macho yao, uwaonyeshe ni uchafu gani umo. Mimi nitakaa hapa hapa. Hakuna atakayeleta ujinga mbele yangu."

Niliona ni akili. Nilitaka sana kuona ni akili. Jumamosi mume wangu angekuwa na zamu ya ziada, na akirudi jioni angekuta limekwisha, hana hata cha kuambiwa. Nikanunua pakiti mpya ya rasta, nikaiacha na plastiki yake ili waione inafunguliwa. Nikakaanga mandazi. Nikayatoa makopo yote nje na kuyapanga juu ya meza ya Gogo kwa mistari yake, damu ya mzee mbele, nikafunika meza kwa kanga safi. Mtu angepita angedhani kuna sherehe.

Nilialika akina mama wachache niliowajua. Walikuja wengi zaidi. Waliingia kimya kimya, wakasimama kando ya ukuta, na hakuna aliyegusa mandazi. Baadhi nilikuwa nawaona kwa mara ya kwanza. Wanaume wawili walibaki nje ya geti, hawaingii hawaondoki, mmoja ameegemea zile ncha za chuma.

Kizulu changu kisingeweza kubeba jambo lile, kwa hiyo nilimsimamisha mwanangu kando yangu atafsiri. Alikuwa amevaa gauni lake la Idi na nywele nimemsuka mwenyewe asubuhi. Mimi nasema kwa Kiswahili, yeye anawapa kwa Kizulu, sauti yake nyembamba na safi, hakwami hata neno moja. Nikafungua pakiti mbele yao. Nikawaambia washike. Nikakata kipande, nikakiwasha kwa kiberiti, kikayeyuka na kunuka plastiki, si harufu ya nywele za mtu. Nikachukua bendi kutoka kwenye kopo, wachague wenyewe ipi, nikaipasua, nikatoa kilichomo, nikakilinganisha na cha pakiti. Ni kile kile. Nikaeleza habari ya pamba na sponji. Mwanangu akaieleza pamba kwa kukunja uso, na mama mmoja akacheka.

Nikaona uwanja unalegea. Ni kitu unachokiona, mabega yanashuka. Yule mama wa ndoo, aliyemhamisha mtoto mkono, akasogea mezani, akachukua bendi ya bluu, akaifinya na kusema kumbe ndiyo maana haziharibiki kwenye mashine. Mwingine akachukua andazi. Akalimega, akala, akachukua la pili kwa ajili ya mtoto wake. Gogo alinitazama kutoka kwenye kiti chake na kuniitikia kwa kichwa. Nilifurahi, sina namna nyingine ya kulisema. Nilishamwona mwanangu anavuka kwenda darasa la mbele, na la mbele yake, na mimi nasubiri nje ya uzio.

Kulikuwa na mwanamke mmoja hajasema kitu, amevaa koti la bluu la kazi ya usafi. Binti yake alikuwa akishika nafasi ya kwanza kabla ya wangu. Akaja mpaka mbele ya mwanangu, akainama ili macho yao yalingane, akamshika mkono. Hakuwa na ukali wowote. Alimuuliza kwa Kizulu cha taratibu, na kwa kuwa alisema taratibu, nilielewa kila neno.

"Mtoto mzuri, mama yako akishona, huwa anazungumza na nani?"

"Hazungumzi na mtu," mwanangu akasema. "Ananong'ona."

"Ananong'ona juu ya bendi?"

"Ndiyo."

"Zote?"

"Zote. Mpaka aimalize."

"Kwa lugha yenu?"

Mwanangu akafikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri kabla ya kujibu, nilimlea hivyo, nilimfundisha kwamba mtu mzima akikuuliza unamjibu ukweli na unamjibu kikamilifu. "Hapana," akasema. "Yetu naielewa. Ile siielewi."

"Mama mwenyewe anaielewa?"

Akanitazama mimi, kisha akamrudia yule mama. "Nilimuuliza siku moja. Alisema maana yake yote haijui."

Ni kweli tupu. Nikishona huwa navuta uradi. Mama yangu alikuwa akivuta nyuradi zake akisuka ukili, na mama yake vile vile. Mkono unafanya kazi na ulimi unamtaja Mungu, ili saa isipite bure. Ni Kiarabu nilichokariri madrasa nikiwa na umri wa mwanangu, na mwalimu hakutufundisha maana, alitufundisha kutamka. Sikuwa najisikia hata kwamba natoa sauti. Mtu anayeishi chumba kimoja na mimi ndiye pekee angejua.

Ningewaeleza vipi? Nilikuwa na neno moja tu la Kizulu linalofaa. "Ngiyathandaza," nikasema. Naomba. Naomba Mungu. Nikalirudia.

"Juu ya nywele," akasema mmoja kutoka ukutani. Hakuuliza.

Nikamgeukia mwanangu aniambie maneno zaidi, nikaona mdomo wake umeanza kutetemeka, ameshajua kuna kitu amekifanya ila hajui ni nini. Nikaacha. Nisingemsukuma tena mbele ya macho yale.

Hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana, Gogo angekuwa na wa kumkemea. Walishukuru, wakaaga, wakatoka mmoja mmoja kwa adabu. Yule wa ndoo aliirudisha bendi ya bluu mezani, lakini aliiweka kwenye mstari usiokuwa wake, kwenye kijani. Mwenye andazi la mtoto alilifunga kwenye karatasi vizuri, na nilipokwenda kufunga geti nikalikuta limewekwa juu ya ukuta. Wale wanaume wawili walikuwa hawapo tena.

Gogo alibaki kwenye kiti chake mpaka jua likamwacha. "Mimi najua ni sala," akaniambia. "Mama yangu alikuwa akiombea maji kabla ya kutunywesha. Lakini siwezi kuingia nyumba ya kila mmoja jioni hii na kumwambia." Akageukia geti. "Na nilimwona yule mwenye koti la bluu alivyomtazama mtoto. Alimtazama kwa huruma, kama mtoto ambaye jambo limekwisha kumpata. Hilo sikulipenda."

Mume wangu aliporudi nilimweleza yote, tangu bendi ya kwanza. Nilizitoa zote chini ya mashuka na kuzipanga kitandani. Alizitazama kwa muda mrefu, hakunigombeza, na alipofungua mdomo nikamwahi. Nilisema mimi. Nilisema atafute nafasi ya mtoto kwenye basi. Nilitaka neno lile litoke kwangu, lisitoke kwa mtu mwingine yeyote, hata kwake.

Mwanangu alisafiri na mama mmoja wa Tanga, mfanyabiashara wa kwenda na kurudi, mtu wa kuaminika. Tulimpeleka kituoni mjini asubuhi, tukipita maduka yaliyofungwa na mengine yaliyobaki kuta nyeusi. Nilimfungasha mwenyewe, kila kitu na mfuko wake: vibanio hapa, soksi hapa, biskuti za njiani juu. Mlangoni mwa basi alinivuta mkono. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama alikosea kutafsiri.

"Hapana," nikamwambia. "Ulitafsiri vizuri sana."

"Nilipoulizwa, nilidanganya?"

"Hukudanganya."

"Sasa mbona ninayeondoka ni mimi?"

Dereva alikuwa anaita watu wapande. Nikamwambia apande, bibi anamsubiri. Alipanda. Mtaa wetu haukuguswa mwaka ule, wala getini hakikuwekwa tena kitu chochote. Hilo nalo sijui nilishukuru au nililaumu.

Nampigia mama yangu kila Ijumaa. Mwezi wa pili hivi tangu mtoto afike, akaniambia mtoto hajambo, anakula, Kiswahili kimeanza kumtoka mdomoni kama maji, lakini ana jambo moja geni. Wageni wakija na kumuuliza kitu, hata jina la shule yake, anasema hajui. Jirani akimuuliza bibi yuko wapi, hajui, na bibi yuko uani anamsikia. Mwalimu wa madrasa alimuuliza aya aliyoisoma jana yake bila kosa, akasema hajui. "Hakuwa hivi," mama yangu akasema. "Mlimfanya nini huko?" Nikamwambia anipe niongee naye. Nikamuuliza amekula nini mchana. Nikasikia anavuta pumzi.

"Sijui, Mama," akasema.